Ujeuri wa Nyumbani Waweza Kuzuiliwa



Sisi watu wa Beni, Butembo na Lubero hatuhitaji kufundishwa maana ya kuzuia ugonjwa. Tangu tarehe 1 Agosti 2018, siku ilipotangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, mpaka tarehe 25 Juni 2020, siku ilipotangazwa kwamba imekwisha, ndoo ya maji yenye dawa ilikaa mbele ya makanisa, shule na maduka. Zoni yetu ya afya ya Musienene nayo iliguswa. Katika mlipuko ule walihesabiwa wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walikufa. Je, ugonjwa ule ulishindwa kwa kitu gani? Si kwa kulia makaburini, wala si kwa tangazo moja kubwa. Ulishindwa kwa kazi ndogo ndogo ya kila siku: kumtafuta kila aliyemgusa mgonjwa, kumtembelea siku 21, kumchoma chanjo, kunawa mikono hata pahali ambapo hakuna mtu wa kututazama.

Leo twataka kunena juu ya ugonjwa mwingine. Huu hauna homa. Ni wa zamani kuliko Ebola, na umeingia nyumba nyingi zaidi. Ni ujeuri wa mume juu ya mke: kumpiga, kumtukana mbele ya watoto, kumnyima hata fedha ya chumvi, na kumshika kwa nguvu usiku, kana kwamba ndoa ni ruhusa ya kutenda lolote. Twataka kuonyesha kwamba ujeuri huu waweza kuzuiliwa, na kwamba katika nchi jirani na katika nchi yetu wenyewe watu wamekwisha kujaribu, wakapima, wakaona kinachofaa na kisichofaa.

Kisima hakina mikono

Sisi makatekista twaona mengi. Mama mmoja anakosa misa Dominika mbili. Dominika ya tatu anakuja, kitambaa kimefunika nusu ya uso. Ukimwuliza, asema alianguka akienda kisimani. Majirani wote wajua kwamba kisima hakina mikono, lakini kila mtu hunyamaza. Tena yule mama mwenyewe atakuwa wa kwanza kusema: “Ni mambo ya nyumba.”

Mwaka 2013 na 2014 ulifanyika uchunguzi mkubwa wa afya katika Kongo nzima. Kati ya wanawake 100 wenye miaka 15 mpaka 49, 52 walisema wamekwisha kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikia miaka 15. Kati ya 100 waliokwisha kuolewa, 57 walisema mume amewatendea ujeuri wa namna moja au nyingine, wa maneno, wa kupiga au wa kulazimisha. Lakini hesabu iliyotushangaza zaidi ni nyingine. Watu waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani, kama vile kuunguza chakula, kujibizana naye, au kutoka bila kumwambia. Wanaume 61 kwa 100 walikubali angalau sababu moja. Wanawake waliokubali walikuwa 75 kwa 100.

Fikirini jambo hili. Anayepigwa amefundishwa kuikubali fimbo kuliko hata yule anayeishika. Basi ugonjwa haukai mkononi tu. Umekaa katika mawazo ya kijiji kizima, na dawa sharti ifike huko.

Wengine watasema: “Ujeuri wa kwetu umeletwa na vita.” Ni kweli kwamba vita imetuumiza. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamekuwa wakiuawa kwa mapanga na bunduki. Mwezi wa Juni 2024 M23 walipouteka mji wa Kanyabayonga, wakimbizi wengi walipanda barabara ya Lubero na Butembo. Wanawake walioshikwa na watu wenye silaha ni wengi, na machozi yao hayajakauka. Lakini mwaka 2011 wataalamu watatu walichapisha hesabu waliyoitoa katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2007. Waliona kwamba wanawake wa Kongo waliokwisha kubakwa walikuwa kama milioni 1.7 au 1.8. Waliokwisha kulazimishwa na mume au mwenzi wao walikuwa zaidi ya milioni 3. Twamwogopa mtu wa msituni, na ni haki kumwogopa. Hatujazoea kumtazama mtu aliyeketi mezani.

Wengine tena hujibu kwa methali kwamba vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Sawa. Bwana na bibi watagombana, maana wao si malaika. Lakini vyombo vikigongana, vyote viwili hutoa sauti. Nyumba ambamo mmoja hupiga na mwingine huanguka si vyombo viwili. Ni nyundo na chungu.

Ugonjwa huu waambukizwa namna gani?

Watu wa afya hawaulizi tu: “Nani amekosa?” Waliuliza pia: “Jambo hili latoka wapi, na laendelea kwa njia gani?” Wameona kwamba mtoto aliyemwona baba akimpiga mama yuko katika hatari zaidi ya kuwa mpigaji, au mpigwaji, siku atakapokuwa na nyumba yake. Wameona kwamba pombe huongeza moto. Nasi twajua nyumba zetu baada ya kasiksi na lotoko. Wameona kwamba fedha huleta ugomvi, hasa pahali ambapo mke hulima na mume huuza. Na juu ya yote wameona kwamba ujeuri huota pahali ambapo majirani hukubali na wakubwa hunyamaza. Hakuna kabila lililozaliwa na fimbo. Kilichofundishwa chaweza kufundishwa upya.

Waliojaribu na kupima

Tuanzie Kampala. Huko mashirika mawili, Raising Voices na CEDOVIP, yaliendesha kazi iliyopewa jina la Kiswahili, SASA!, katika mitaa ya Rubaga na Makindye. Rubaga wasomaji wetu waijua, maana ndiko liliko kanisa kuu la Kampala. Kuanzia mwaka 2007 mpaka 2012 wataalamu walilinganisha sehemu 4 zilizopata mafundisho na sehemu 4 zilizokuwa hazijayapata. Mwishoni, wanawake waliosema wamepigwa na mume au mwenzi katika mwaka uliopita walikuwa wachache kwa karibu nusu katika zile sehemu zilizofundishwa.

Walifanya nini? Hawakuleta wageni wa kuhubiri juu ya jukwaa. Waliwachagua watu wa mtaa wenyewe, wanaume na wanawake, wakawafundisha, na hao wakazungumza na wenzao mlangoni, sokoni, pahali pa pombe, mwezi baada ya mwezi. Tena hawakuanza kwa kusema: “Usipige!” Walianza kwa kuuliza: “Nguvu uliyo nayo waitumiaje?” Maana kuna nguvu ya kumkandamiza mwingine, na kuna nguvu ya kushirikiana naye. Mtu akiambiwa kwamba yeye ni mbaya hufunga masikio. Akiulizwa habari ya nguvu zake, hufikiri.

Twende Rwanda. Tangu mwaka 2014 mpaka 2018 kulikuwa na kazi iliyoitwa Indashyikirwa. Walichukua mabwana na mabibi ambao nyumba zao zilikuwa katika vyama vya akiba vya kijiji, wakawakutanisha wawili wawili kwa mikutano 21, karibu miezi mitano. Walizungumza juu ya fedha, kazi za nyumbani, hasira, pombe na wivu. Baada ya miaka miwili, wanawake wa kundi lile waliosema wamepigwa au kulazimishwa na waume walikuwa wachache sana kuliko wale wa kundi lililokuwa halijafundishwa hivyo. Lakini sehemu nyingine ya kazi ile, iliyotaka kugeuza vijiji vizima, haikuonyesha matunda kama hayo wakati ule. Mazungumzo ya hapa na pale hayakutosha.

Ituri, jirani zetu wa kaskazini, kazi ilipitia makanisa. Shirika la Tearfund pamoja na HEAL Africa ya Goma waliwafundisha viongozi wa dini na watu wa kujitolea katika vijiji 15 vya sehemu za Rethy. Mwanzoni, mwaka 2015, karibu wanawake 7 kati ya 10 wenye mume au mwenzi walisema wametendewa ujeuri katika mwaka uliopita. Mwishoni walikuwa karibu 3 kati ya 10. Hawakulinganishwa na vijiji vingine, kwa hiyo haifai kusema kwamba badiliko lote lilitoka katika mafundisho yale. Hata hivyo ni habari ya kututia moyo.

Na hapa kwetu Kivu, ya Kaskazini na ya Kusini, shirika la IRC lilikusanya wanaume peke yao kwa mikutano 16 ya kila juma. Kazi ile ilipimwa kati ya mwaka 2016 na 2018 katika vijiji 28. Wanaume walibadilika katika mawazo, na wake zao wenyewe waliona kwamba mabwana wamekuwa na mwenendo mwema zaidi. Lakini wanawake walipoulizwa kama wametendewa ujeuri, hapakuonekana tofauti na vijiji vingine. Hili nalo ni funzo kubwa. Mtu aweza kujifunza maneno mazuri kabla ya mkono wake kujifunza.

Tukiweka habari hizi nne pamoja, twaona njia. Mahubiri ya siku moja hayatoshi. Kumfundisha bwana peke yake kwaweza kuwa haba. Panapofundishwa bwana na bibi pamoja kwa miezi mingi, au panapozungumza mtaa mzima kwa miaka, ndipo fimbo hupungua.

Maharagi juu ya meza

Sisi tuliosoma seminari kabla ya kuoa tulifundishwa Kilatini na historia ya Kanisa. Namna ya kugawana fedha ya kahawa na mke, hapana. Hayo hayakuwa katika vitabu. Basi katika shirika letu tuliomba mabwana na mabibi wachache wakae pamoja Dominika mchana, kila juma, tuzungumze.

Siku moja tuliwapa maharagi. Kila mmoja aweke haragi moja kwa kila saa ya kazi, tangu kuamka mpaka kulala. Mabwana walimaliza upesi. Mabibi waliendelea kuweka: maji, kuni, shamba, mtoto mgongoni, soko, kupika, kuosha. Bwana mmoja alitazama fungu la mkewe, akatazama lake, akasema polepole: “Na mimi jana nilimkemea kwa sababu chakula kilichelewa.” Hakuna mtu aliyemhubiri. Maharagi yalitosha.

Juma lingine bwana mwingine aliuliza bila haya: “Nikiacha kumpiga, ataniheshimu kwa nini?” Sisi tulitafuta jibu katika katekisimu. Mama mmoja mzee alitutangulia: “Mwanangu, marehemu bwana wangu alinipiga miaka 20. Sikumheshimu hata siku moja, nilimwogopa tu. Siku ya maziko yake nililia kwa sababu watu walikuwa wananitazama.” Nyumba yote ilinyamaza. Hatudhani kwamba bwana yule alisahau maneno yale.

Twasema wazi pia kwamba bibi mmoja aliacha kuja, kwa kuwa bwana wake alimkataza. Nyumba ya namna ile haiponywi kwa kukalisha watu wawili kitini pamoja. Mke aliye hatarini aulizwe peke yake, kwa siri, na asilazimishwe kusema mbele ya anayempiga. Mtu asimwambie: “Vumilia, ni msalaba wako.” Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 1153, yampa haki ya kutengana na mwenzake anayemhatarisha vikali, yeye au watoto. Na wanaoshika maneno ya Mtakatifu Paulo kwa Waefeso juu ya utii wa wake, wasome mpaka mwisho. Kwa wake alisema machache. Waume ndio aliowapa mzigo mrefu, nao ni kumpenda mke kama mwili wao wenyewe. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika jamaa, aliuhesabu ujeuri wa namna hii kuwa ni uoga, wala si uanaume.

Mbuzi na saa 72

Kwa desturi yetu sisi Wanande mbuzi wa mahari ni ushuhuda wa jamaa mbili kwamba binti huyu anapendwa na anaheshimiwa. Mbuzi si bei. Anayesema: “Nilitoa mbuzi, ni wangu,” ameigeuza desturi ya babu zake kuwa soko.

Vibaya zaidi ni mbuzi wa kufunika kosa. Binti anabakwa, wazee wa jamaa mbili wanakaa usiku, asubuhi mbuzi wawili wamefungwa uani, na neno limekwisha. Kwa binti halikwisha hata kidogo. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 yaadhibu ubakaji kwa kifungo cha miaka 5 mpaka 20, na makosa haya hayamalizwi kwa faini ya kupatana. Tena wakati wazee wanahesabu mbuzi, saa zinakwenda. Dawa ya kuzuia virusi vya SIDA sharti ianzwe kabla ya saa 72 kupita, yaani siku 3, na upesi zaidi ni bora zaidi. Nayo humezwa siku 28. Kuna pia kinga ya pepopunda na ya ugonjwa wa ini, na dawa za magonjwa mengine ya zinaa. Basi aliyebakwa apelekwe kwanza hospitali. Butembo kuna hospitali ya FEPSI, iliyoanzishwa na wanawake wenyewe, nayo yajulikana kwa kuwapokea walioumizwa hivi. Kumficha nyumbani siku nne kwa ajili ya aibu ni kumnyima dawa.

Hata wanaoleta dawa walindwe

Neno moja tena, maana tumeapa kusema kweli. Wakati wa Ebola watu wengine waliokuja na magari na mishahara waliwaambia wanawake wa Beni na pahali pengine: “Kazi ipo, lakini sharti ulale nami.” Wanahabari waliyafichua mwaka 2020. Tarehe 28 Septemba 2021 tume iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa taarifa yake: watu 83 walitajwa kuwa wameshtakiwa kwa mambo hayo, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika lenyewe. Swali la Kampala larudi hapa: “Nguvu uliyo nayo waitumiaje?” Bwana nyumbani ana nguvu. Mwalimu darasani anayo. Mganga anayo, sefu anayo, na katekista anayo pia. Kazi yoyote ya kuzuia ujeuri isiyowachunguza watumishi wake yenyewe ni kisima kilichochafuliwa.

Tufanye nini?

Twaomba mambo yasiyohitaji gari wala fedha nyingi. Mafundisho ya ndoa yasiwe ya majuma machache ya kujibu maswali. Wachumba wazungumze wazi juu ya fedha, pombe, hasira na mwili, na mabwana na mabibi wenye nyumba njema wawafundishe. Kila shirika lipate wawili watatu, bwana na bibi, wa kuendesha mazungumzo ya kila juma kwa miezi mingi, wala wasichoke baada ya mwezi mmoja. Vyama vya akiba vifanye vivyo hivyo siku ya kukusanya fedha, maana watu wamekwisha kukusanyika. Kila kiongozi wa shirika ajue njia ya hospitali na hesabu ya saa 72 kama anavyojua Salamu Maria. Na kina baba wenye jina jema kijijini wamwambie rafiki yao anayepiga: “Ndugu, jambo hili hatulikubali.” Neno hili likitoka kinywani mwa rafiki pahali pa kasiksi lina uzito kuliko mahubiri yetu kumi.

Watoto wanatutazama. Mvulana wa miaka saba aliyeketi pembeni ya moto jioni anajifunza sasa hivi bwana ni mtu wa namna gani, na dada yake anajifunza bibi sharti avumilie nini. Hawatangoji wakue ndipo wafundishwe. Basi, baba na mama wa Musienene na wa parokia zote, somo la jioni ya leo mmeliandaa namna gani?